Betri ya Sita

24 Novemba 1974

Mimi Shomari mwana wa Mabruki nina miaka themanini na tatu, labda na minne, maana mama alihesabu kwa njaa, si kwa kalenda. Nimemuona Mdachi akitawala na nimemuona akikimbia. Mbelgiji aliingia Tabora na bunduki zake, akakaa kidogo, akatoka. Mwingereza naye nimemuaga. Nimezika wake wawili na watoto watatu, na kila mtu niliyebeba naye mzigo katika njia ya Ujiji ameshatangulia. Reli ilikuja kutuua sisi wapagazi. Bado nipo, na reli yenyewe siku hizi inachelewa.

Sijapata kutua mzigo kabla ya kambi. Hilo liandikwe mwanzo kabisa.

Daftari hili amenipa Mwalimu Josepha wa kisomo cha watu wazima. Amesema, "Babu Shomari, herufi umezijua. Sasa andika, hata mstari mmoja kwa siku, zisikutoroke." Mwandiko wangu ndio mzuri kuliko wa darasa zima, ingawa yeye anasema unatambaa kama siafu.

26 Novemba

Nieleze kigari. Kilikuwa cha Wazungu wa mchezo wa gofu kule mjini. Walipanda humo kufuata kampira kadogo, watu wazima na miguu yao miwili. Klabu yao ilipokufa, kigari kikalala bandani hadi kijiji chetu kikapewa. Hakina moshi, hakina kelele. Kinapita mbele yako kama kitu unachokiota. Chini ya kiti mna betri sita zimefuatana, moja inashika mkono wa nyingine, na mchana mashine ya kusaga ikiwaka, dainamo yake inazilisha.

Kazi yake ni kupandisha wagonjwa na wajawazito hadi zahanati, juu ya kilima, pale pale misafara ilipolala zamani. Njia ni ya changarawe. Kwa mzima ni nusu saa kwa miguu. Kwa mwanamke mwenye uchungu sitaki kuandika ni nini.

Dereva ni Saidi, mwendesha mashine ya kusaga. Ni Mzaramo nami ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani huwezi kumkasirikia hata akikuvua kofia mbele za watu. Mimi ni msimamizi. Kamati ilinichagua kwa sababu hakuna aliye hai anayejua mizigo kunishinda. Kila safari nakaa mbele, karibu na Saidi.

27 Novemba

Mjukuu wangu Mwanne, ambaye ninakaa naye, ana mimba ya miezi mitano. Mwaka jana, kabla hatujahamishiwa hapa, tulimbeba juu ya kitanda. Tulichelewa. Mtoto alitoka hana pumzi. Nesi Getruda amesema safari hii lazima azalie zahanati, na uchungu ukianza asingoje. Kumlaza huko mapema haiwezekani, vitanda ni viwili na wagonjwa wamejaa.

Nimemwambia Mwanne, "Usiwe na wasiwasi. Kigari ni changu."

1 Desemba

Saidi amefungua betri, zimekauka. Chupa ya maji ya betri aliyoinunua dukani Gongoni, mjini, imetosha betri tano. Akaitwa kusaga. Ya sita nimeimalizia mwenyewe. Mimi si mtu wa kusubiri.

5 Desemba

Mvua.

6 Desemba

Mvua. Mchwa wenye mabawa wametoka, watoto wamekula hadi wakasinzia.

9 Desemba

Nimemuota Ngollo. Tulibeba pamoja chumvi ya Uvinza, mimi kijana wa miaka kumi na saba na yeye kanizidi kidogo. Alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, anatabasamu, mvua haimlowanishi. Sijui kwa nini aje sasa.

16 Desemba

Leo tumeaibika. Tulimpakia mama mmoja mwenye homa pamoja na dada yake, sisi wawili mbele. Mashineni kigari kiliondoka vizuri. Mwinuko ulipoanza kikapunguza. Kwenye kona ya mti wa mninga kikawa kinatambaa, halafu kikasimama, kimya kama kilivyokuja.

"Mtani, shuka," Saidi akasema. "Kigari kimenusa Mnyamwezi, kinadhani kimefika kambini."

"Kimemuona Mzaramo, kimekata tamaa. Sisi tulibeba begani kama wanaume. Ninyi kichwani, ndiyo maana vimekuwa bapa."

"Bapa au mviringo, shuka tupunguze uzito."

"Msimamizi hashuki."

Wale wanawake wakashuka. Mgonjwa alipanda kwa miguu, dada yake kamshika kiuno. Sisi tuliteremka, na kwa kuteremka kigari kilikimbia kama mbuzi aliyeona majani.

17 Desemba

Tumekiinua kwa jeki, magurudumu hewani. Saidi kakanyaga, yakazunguka hata hayaonekani. "Hakina ugonjwa," nikasema.

"Hewani hata mimi nina nguvu," Saidi akasema.

19 Desemba

Matairi. Mawili yalikuwa laini. Tumeyapiga pampu. Kimekufa pale pale kwenye mninga.

23 Desemba

Breki. Saidi alisema huenda zinashika gurudumu. Tumegusa vikombe vya breki vyote vinne baada ya safari, vyote baridi. Si breki. Nilimwambia tangu mwanzo si breki. Yeye anasema breki nilizitaja mimi.

25 Desemba

Krismasi. Getruda kaniletea wali na nyama. Kamuuliza Mwanne, "Mtoto anacheza?" Mwanne akasema anacheza mpaka anamnyima usingizi. Halafu wote wawili wakanitazama mimi.

2 Januari 1975

Mwaka mpya, mawazo mapya, nayo yametoka kwangu. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukoko, mweupe na kijani. Nikamuomba Mwanne magadi ya kupikia maharage, nikayakoroga na maji, nikamwagia. Ukoko ukachemka ukatoka povu kama maziwa. Tukasugua nyaya kwa msasa hadi zikang'aa, tukakaza. Kigari kikapita mninga! Kilifika hadi kwenye jiwe la pili la njia, na watu walioniona watasema nilipiga kelele kama mtoto. Hawasemi uongo.

3–10 Januari

Mvua na palizi. Kigari kizuri. Nimekaa mbele kila siku.

11 Januari

Kimesimama tena. Kwenye mninga.

14 Januari

Saidi kaazima mita mjini kwa fundi wa redio. Kigari kimesimama kivulini, akagusa betri moja moja. Ya kwanza, sita na kidogo. Ya pili vilevile. Zote vilevile hadi ya sita. "Zina afya kuliko mimi," akasema.

"Basi mgonjwa ni dereva," nikasema. "Unakanyaga kama unakanyaga mkanda wa mashine."

Hapo utani uliisha kidogo. Akafuta mikono, akaingia kusaga, hakutoka.

20 Januari

Mwanne ameniuliza jioni, tunachambua mchicha. "Babu, nikuulize kitu usinikasirikie?"

"Uliza."

"Kigari kitanifikisha?"

"Nimekwambia."

"Uliniambia mwezi wa kumi na moja. Nakuuliza leo. Kama hakitafika niambie, nianze kutafuta watu wa kitanda sasa. Mwaka juzi tulitafuta watu wakati maji yameshatoka."

Nikamwambia mimi sijapata kutua mzigo kabla ya kambi. Akasema, "Ndiyo, babu," akaendelea kuchambua. Nimeona mikono yake imevimba.

28 Januari

Siku hizi nakaa mlangoni mwa mashine, sielewani na Saidi wala siondoki. Unga unaelea hewani, mvua inaanguka nje, na katikati yake njia inapanda kilimani kama moshi. Wakati mwingine naona watu juu yake, mmoja nyuma ya mwingine, wameinama. Nikifikicha macho ni miti tu.

2 Februari

Mchana, mvua ikipiga bati, nimesinzia juu ya magunia. Nikaiona njia ya zamani. Ilikuwa nyeupe. Watu wanapita bila miguu kugusa chini, na kigari katikati yao, kimebeba vifurushi vya chumvi vilivyofungwa kwa magome. Mbele kirangozi, kiongozi wa msafara, na manyoya yake kichwani. Ngollo yuko nyuma yangu, mzigo wake mkubwa kuliko wangu. Sikugeuka kumtazama.

Juu ya mwinuko amesimama Abbasi, nyapara wetu, mkono kiunoni. Abbasi hakuwa anakagua watu kambini. Asubuhi kambini hata mgonjwa wa homa anasimama wima, anaogopa kuachwa. Yeye alitangulia katikati ya mlima, akasimama, akatazama magoti ya kila mmoja akipita na mzigo. Huko ndiko alikowajulia wagonjwa.

Nikaamka nikasema kwa nguvu, "Saidi! Tumezipima kambini!"

"Nini?"

"Betri. Tumezipima zimepumzika. Zipeleke mlimani na mzigo, utamjua mgonjwa."

Alisimama ametapakaa unga, mweupe kama aliyekuwa ndotoni. Akanitazama sana. "Mtani," akasema, "leo umesema neno."

3 Februari

Tumepakia magunia manne ya unga, tumepanda hadi mninga. Tumeondoa kiti ili betri zionekane, tumeweka jiwe mbele ya gurudumu. Saidi akanyage, mimi nishike nyaya za mita na nisome. Kusoma! Nimezisoma namba mimi mwenyewe, Mwalimu Josepha angekuwepo.

"Kanyaga." Ya kwanza, tano na nusu. "Kanyaga." Ya pili, tano na nusu. Ya tatu, ya nne, ya tano, hivyo hivyo, zinashuka kidogo na kushikilia. Ya sita mshale ulianguka hadi mbili, ukaendelea hadi moja, kama mtu anayepiga magoti.

"Huyo," nikasema.

"Tano zinavuta kigari, tena zinamvuta na huyo," Saidi akasema. Akafungua vifuniko vyake, akachungulia. Maji yake kama chai ya rangi. Akachovya kijiti, akanusa. "Haya ni maji ya kisima. Kisima chetu kina chumvi hata sabuni haitoi povu. Nani katia maji ya kisima humu?"

Ndege mmoja alikuwa analia juu ya mninga. Nilimsikiliza.

Nikaanza kukunja nyaya za mita.

4 Februari

Saidi amefunga waya wa kuiruka betri ya sita. Kwa tano kigari ni kizito lakini hakisimami. Tukiwa wawili na mgonjwa mmoja kinasota, ila kinafika. Betri mpya haipo hata mjini. Amesema tuweke beseni uwanjani tukinge mvua ya mbinguni moja kwa moja, isipite kwenye bati, hayo ndiyo tutatia. Beseni limejaa kwa saa moja. Nimeyaangalia maji yale hadi nikaona uso wangu.

11 Februari

Kamati imesikia kuhusu maji ya kisima. Wamesema dereva ndiye mwenye betri, dereva kaiua. Wanataka kumuondoa Saidi kwenye kigari. Hakuna mwingine anayeweza kukiendesha ila maneno ya kamati hayajali hilo. Kikao ni Ijumaa.

Saidi hakuja kunitania leo. Alinipa salamu tu, "Shikamoo mzee." Mzee! Miaka yote hii hajapata kuniita mzee.

12 Februari

Sikula.

13 Februari

Mvua. Ngollo tena, mchana kweupe, amesimama karibu na beseni.

14 Februari

Naandika yote, hata mkono ukiuma.

Kikao kilikuwa chini ya bati la ghala. Mwenyekiti Jilala akamuuliza Saidi ana la kujitetea. Saidi akasema, "Mimi nilitia maji ya dukani kwa betri tano. Ya sita sijui. Labda nilisahau." Alisema hivyo huku akinitazama mimi, na nikajua kwamba anajua. Alijua tangu siku ya mninga. Alikuwa ananibebea.

Nikasimama. "Maji nilitia mimi. Chupa iliisha, nikachota kisimani. Nilidhani maji ni maji."

Ningekaa hapo ingetosha. Lakini mdomo ulikwishafunguka, na nikasema na lile lingine ambalo wake zangu wawili wamekwenda nalo kaburini bila kulisikia.

Nikasema kwamba mwaka ule wa chumvi ya Uvinza, tulipovuka Malagarasi, nilipata homa. Niliificha. Asubuhi kambini nilisimama wima kama wengine, maana anayeachwa njiani anaachwa. Ngollo alikuwa nyuma yangu, akaona miguu yangu. Kila asubuhi, kabla Abbasi hajaamka, alifungua mzigo wangu akatoa vifurushi vya chumvi, akavifunga kwenye mzigo wake. Kwanza viwili. Siku ya nne vilikuwa sita. Nilikuwa nabeba gome tupu, natembea nimenyooka, naimba. Kwenye mwinuko wa mwisho Abbasi alisimama kutazama magoti, na magoti yaliyokunjika yalikuwa ya Ngollo. Tulimwacha kwenye kibanda cha mtu tusiyemjua. Tuliporudi, kibanda kilikuwepo, yeye hayupo. Nikaingia Tabora watu wakisema Shomari mtoto mdogo hakutua mzigo. Nikalichukua neno hilo nikalivaa hadi leo.

Nikakaa.

Jilala akakohoa, akasema shauri la dereva limekwisha. Hapo Saidi akasimama. "Bado! Huyu ni mtani wangu, kaniacha nisingiziwe mbele ya kijiji, nataka faini yangu."

Watu wakaanza kucheka, maana utani una haki yake. "Chukua mbuzi wake!" mmoja akasema.

"Mbuzi wake kakonda kama yeye. Nachukua kiti. Kuanzia leo kiti cha mbele cha kigari ni changu. Msimamizi atasimamia kwa miguu."

Nikasema, "Mzaramo mwizi." Akasema, "Mnyamwezi mzito." Tukacheka hadi machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka.

15 Februari

Nimelala hadi adhuhuri. Sikuota kitu.

1 Machi

Mwanne anatembea kwa kuyumba. Hakuniuliza tena kuhusu kigari. Anamuuliza Saidi.

12 Machi

Mvua inapungua. Mahindi yamekomaa, tumechoma ya kwanza.

19 Machi

Imefika.

Asubuhi, chai haijachemka, Mwanne akaniita nyuma ya nyumba. "Babu, maji." Akawa ameshika nguzo. Nilikwenda mashineni, sijui kama nilikimbia, Saidi anasema nilikimbia. Jana kutwa mashine ilisaga, betri tano zimeshiba.

Tumemlaza Mwanne kwenye godoro nyuma. Kwa mazoea mguu wangu ulitaka kupanda mbele. Nikaurudisha. Palikuwa na furushi lake la kanga, ndoo na unga wa uji. Saidi akasema tuweke miguuni pake. Nikasema, "Hapana. Hata furushi ni uzito." Nikaliinua begani. Bega lilikumbuka kabla yangu.

"Mtani, utakufa njiani," Saidi akasema.

"Nenda. Usinisubiri. Kwenye mninga usikanyage kwa pupa."

Wakaenda. Kigari hakina sauti, kwa hiyo nilichosikia ni pumzi ya Mwanne tu, inapanda, inakuwa ndogo. Nikafuata. Ukungu ulikuwa bado chini, na njia ikaning'inia juu yake. Nilimuona Saidi na kigari wakiingia kwenye kona, kikapunguza, kikapunguza, moyo wangu ukasimama nacho. Kikatambaa kama mtu anayebeba na kujua anachobeba. Kikapita. Kikapotea nyuma ya mti, hakikurudi.

Na mimi nilipofika kwenye mninga, magoti yalikataa. Nilisimama kidogo, nikatazama huku na huku. Hakuna Abbasi. Hakuna mtu. Basi nikatua mzigo, polepole, juu ya jiwe lile lile tulilowekea gurudumu. Nikakaa karibu nao. Pembeni yangu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na sikuona vibaya aikae anayetaka. Upepo ulipita. Nilikaa hapo muda mrefu, na nilikuwa mwepesi.

Saidi akateremka kunitafuta, peke yake kwenye kigari, anapiga kelele kutoka mbali. "Mtani! Umetua! Nimekuona umetua!"

"Nimetua," nikasema. "Mwanne?"

"Panda."

"Faini yangu?"

"Leo nakukopesha kiti. Panda, mtoto analia hadi wagonjwa wamevikimbia vitanda."

20 Machi

Ni wa kike, ana nywele nyingi, anapiga kelele kama kirangozi. Getruda amesema kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo, na kwamba huku chini tungempoteza. Mwanne hajampa jina. Amesema kwanza anisikie vizuri habari za Ngollo, zote, toka mwanzo, na nisiruke kitu. Nimekaa kando ya kitanda nikamsimulia hadi akalala, halafu nikamsimulia mtoto.

Kurasa zimekwisha, na Mwalimu Josepha anataka daftari alisahihishe. Asahihishe herufi tu. Kuhusu betri aulizwe Saidi wa mashine, nilisema "Huyo" mbele yake pale kwenye mninga, ingawa yeye atadai alisema kwanza. Saa ya kuzaliwa anayo Getruda kwenye kitabu chake. Kwamba nilitua mzigo kabla ya kambi, Saidi aliona kwa macho yake na ameshakitangazia kijiji. Betri ya sita yenyewe ipo, inazuia mlango wa mashine usipigwe na upepo, anayetaka akaigeuze aone maji yake. Habari ya Ngollo haina shahidi aliyebaki ila mmoja, na shahidi huyo alidanganya tangu ujana wake hadi Ijumaa ile ya Februari. Ni mimi, Shomari mwana wa Mabruki. Sasa nimesema.